Vyura wa Dar es Salaam: Historia ya Kutapisha Vyoo vya Uani

Mtandao wa majitaka wa Dar es Salaam, yaani mabomba ya chini ya ardhi yanayokusanya maji machafu ya majumbani na kuyapeleka baharini au kwenye mabwawa ya kuyatibu, haujawahi kuwafikia wakazi wengi wa mji huo, na kwa sababu hiyo historia ya usafi wake haiwezi kuandikwa kwa kufuata kumbukumbu za wahandisi peke yake. Sehemu kubwa ya historia hiyo ilitendeka uani, mara nyingi usiku, kati ya mwenye nyumba na vijana wa mtaani aliopatana nao kwa mdomo waje kumtapishia choo, maana yake kutoa kinyesi kilichojaa shimoni ili choo kiendelee kutumika.

Choo cha shimo chenyewe ni cha zamani kuliko mji. Wanaakiolojia waliochimba magofu ya Gedi na Shanga, katika mwambao wa Kenya, walikuta vyoo vya shimo ndani ya nyumba za mawe zilizojengwa karne nyingi kabla Sultani Majid bin Said wa Zanzibar hajaanza kujenga makao yake mapya kando ya kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860. Dar es Salaam ilipokua, choo kilihamia nyuma ya nyumba ya Kiswahili, ambayo kwa kawaida ina ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua ulio na jiko, bafu na choo. Maadamu ua ulikuwa na nafasi, kazi ya kutapisha haikuwa na soko kubwa, kwa kuwa shimo likijaa lilifukiwa na lingine likachimbwa hatua chache kando. Ni pale nafasi ilipokwisha, na chumba kimoja kikawa makao ya familia nzima ya wapangaji, ndipo shimo lilipolazimika kudumu na mtu wa kulitoa uchafu akahitajika.

Utawala wa kikoloni, wa Wajerumani na baadaye wa Waingereza, uliugawa mji katika kanda tatu ambazo wenyeji waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na mgawanyo huo ulionekana chini ya ardhi kama ulivyoonekana juu yake. Mabomba ya majitaka, yalipolazwa katikati ya karne ya 20, yalihudumia hasa katikati ya mji na kumwaga uchafu baharini, huku sehemu kubwa ya Kariakoo, Ilala na Magomeni ikibaki na mashimo yake. Manispaa ilikuwa na matopasi, yaani vibarua wa kufagia na kusafisha vyoo, lakini shimo la uani lilihesabiwa kuwa jukumu la mwenye nyumba. Msimamo huo wa kuliacha shimo mikononi mwa mwenye kiwanja haukuondoka na wakoloni.

Baada ya uhuru idadi ya watu ilipanda kwa kasi ambayo mipango haikuweza kuifuata: sensa ya mwaka 1967 iliukuta mji ukiwa na watu wapatao 270,000, na ile ya 2002 ilikuta karibu milioni 2.5. Wageni wengi walijenga Manzese, Tandale, Keko, Vingunguti na bonde la Msimbazi, mahali ambapo viwanja havikupimwa na maji ya ardhini yako juu kiasi kwamba shimo refu hujaa maji kabla ya kujaa kinyesi. Hiyo ndiyo sababu ya vyoo vya kupanda kwa ngazi vinavyoonekana katika mabonde hayo hadi leo. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ilihimiza nchi nzima kuchimba vyoo, na ilifanya hivyo kwa mafanikio, ingawa somo lake liliwafaa zaidi wanavijiji, ambao shimo likijaa wana mahali pa kuchimba jingine. Katika miaka hiyohiyo halmashauri za miji zilivunjwa na hazikurudishwa hadi 1978, na kipindupindu kilichoenea mwishoni mwa muongo huo kilidhihirisha gharama ya kuuacha mji bila msimamizi.

Katika pengo hilo ndipo walipopata kazi watu walioitwa vyura, kwa sababu waliingia shimoni wenyewe. Mwenye nyumba aliwatafuta kwa kuulizia mtaani, nao walikuja kulikagua shimo kabla ya kutaja bei, ambayo ilitegemea kina chake, uzito wa tope na nafasi ya kufanyia kazi. Walimwaga mafuta ya taa ili kupunguza harufu, wakabomoa sakafu ya choo au kutoboa ukuta wa shimo, wakachimba shimo la pili palepale uani, kisha mmoja akashuka na ndoo na mwenzake akapokea juu. Kinyesi kilifukiwa katika shimo hilo la pili. Wengi walifanya kazi bila glavu wala buti, wakikabiliwa na vipande vya chupa, minyoo, hewa yenye sumu na kuta zilizoweza kuporomoka; walifanya usiku kwa aibu na kwa hofu ya maofisa wa afya, ambao walikataza kazi hiyo bila kuwapa wenye nyumba njia nyingine wanayoimudu.

Asiyeweza kuwalipa vyura alisubiri masika. Tundu lililoachwa katika ukuta wa shimo lilizibuliwa mvua ikinyesha, na mafuriko yakabeba uchafu hadi barabarani na mitoni, na kitendo hicho pia watu walikiita kutapisha. Hii ndiyo huduma ya bei nafuu kuliko zote, na gharama yake ilimwangukia jirani wa bondeni.

Jaribio la kwanza kubwa la kuiboresha kazi yenyewe, badala ya kuipiga marufuku, lilianza mwaka 1988, pale shirika la Kiholanzi la WASTE liliposhirikiana na mamlaka za mji kutengeneza mtambo ulioitwa MAPET. Ulikuwa na pampu ya kuzungushwa kwa mkono na tangi la lita 200, kila kimoja juu ya mkokoteni wake, hivyo uliweza kupita vichochoro ambavyo gari la majitaka halipiti. Pampu ilimtoa mtu shimoni, na kwa hilo ilistahili sifa, lakini tope liliendelea kufukiwa uani kwa kuwa mikokoteni haikuweza kusukumwa hadi kwenye mabwawa ya mbali. Vipuri vilipoadimika, mitambo hiyo ilitoweka kazini.

Miaka ya 2000 ilileta Gulper, pampu ya mkono ya bomba la plastiki iliyobuniwa na Steven Sugden na kujaribiwa Dar es Salaam, ambayo vikundi vidogo viliiambatanisha na pikipiki za magurudumu matatu ili mapipa yafikishwe kwenye mabwawa, kama yale ya Vingunguti ambako magari makubwa nayo humwaga. Kwa mara ya kwanza huduma ya mtaani iligusa suala la umbali, ambalo vifaa vya awali vililikwepa, na ndiyo maana mafanikio yake yameegemea zaidi ukaribu wa mahali pa kumwaga kuliko ubora wa pampu. Hata hivyo pampu hiyo hunyonya tope jepesi la juu tu. Tabaka la chini, lililokauka na kuchanganyika na matambara na takataka, huikwamisha, kwa hiyo mwenye nyumba anayetaka shimo litolewe lote bado huwaulizia vyura.