Swali la Dada Yangu

Katika miaka yote niliyofundisha historia, kila nilipofika kwenye Vita Kuu ya Kwanza nilieleza habari za gesi ya haradali. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Julai 1917, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, Wajerumani waliwarushia Waingereza makombora yaliyojaa sumu hiyo. Kusema kweli haikuwa gesi, bali mafuta yaliyotawanyika kama ukungu wa matone madogo, yakababua ngozi, macho na mapafu. Wanafunzi walikuwa wakinyamaza kimya. Nami nilifunga kitabu, nikidhani somo limekwisha.

Kumbe halikuwa limekwisha. Mwaka 1919 daktari Mmarekani, Edward Krumbhaar, alieleza kwamba waliodhurika kwa sumu hiyo walipungukiwa na chembe nyeupe za damu. Mwaka 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale, Louis Goodman na Alfred Gilman walitumia dawa ya jamii ileile kupambana na saratani itokanayo na chembe hizo. Uvimbe wa mgonjwa wa kwanza ulinywea, kisha ukarudi, naye akafariki kabla ya mwaka kwisha. Kwa kuwa ilikuwa siri ya vita, habari hiyo haikutangazwa hadi 1946. Hata hivyo, matibabu ya saratani kwa dawa za sumu yalikuwa yameanza.

Matibabu hayo ndiyo aliyopewa dada yangu mkubwa mwaka 1996. Saratani ilikuwa imeanzia kwenye kifuko cha mayai, ikaenea tumboni mwote. Tumbo lilijaa maji. Yakitolewa, baada ya majuma machache yanarudi. Siku moja, dripu ikiwa mkononi, aliniuliza: “Mdogo wangu, ugonjwa uko tumboni, dawa wanaitia mkononi. Itafikaje?” Nilimjibu kwa sauti ya darasani kwamba damu hufika kila mahali. Hakuuliza tena. Alifariki mwaka huohuo.

Hivi karibuni mjukuu wangu anayesomea udaktari alinieleza kwamba swali lile lilikuwa la haki. Vinundu vya saratani vilivyotapakaa kwenye utando wa tumbo hupata damu kidogo, na dawa ya mshipani huvifikia kwa shida. Kwa sababu hiyo, mwaka 2011 nchini Ujerumani, Marc Reymond na wenzake walijaribu njia nyingine. Tumbo hutobolewa matundu madogo na kujazwa hewa ukaa. Kisha dawa, kama vile sisplatini, hunyunyizwa ndani ikiwa ukungu na kuachwa kwa dakika 30, msukumo wa hewa ukiisaidia kupenya. Kipimo cha sisplatini ni kama sehemu moja ya kumi ya kile cha mshipani. Wakati wa kunyunyiza, madaktari na wauguzi hutoka chumbani, wakaiongoza mashine kutoka nje, wasije wakaivuta dawa hiyo.

Niliposikia hayo nilikumbuka Ypres. Ni ukungu tena, na watu wanaukimbia tena. Ila safari hii mgonjwa amelala katikati yake kwa hiari, akitafuta nafuu.

Sitaki kumpa msomaji matumaini ya uongo. Vipimo vimeonyesha kwamba ukungu huo hausambai sawasawa tumboni. Wengi wanaotibiwa hivyo saratani yao imekwisha kukomaa, na kinachotafutwa zaidi ni kuuzuia ugonjwa, kupunguza maji ya tumbo na kumpa mgonjwa siku zenye unafuu. Huenda dada yangu asingepona hata kwa njia hiyo.

Lakini alistahili jibu jema kuliko nililompa. Nilikuwa mwalimu kwa miaka mingi, na niliwahimiza vijana waulize. Siku alipouliza mgonjwa, nilimnyamazisha. Leo ningemwambia: “Dada, umeuliza vizuri. Sijui. Tumwulize daktari.”