Shockle

Shockle (pia shoggle, umbo kamili: ice-shockle) ni neno la Kiskoti litajalo kijiti cha barafu kinachoning'inia ukingoni mwa paa au mwambani. Kijiti hicho hutokea theluji ya paani inapoyeyuka, maji yakachirizika hadi ukingoni, kisha yakaganda tone baada ya tone kwa baridi ya chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Kiskoti ni ndugu wa Kiingereza; kisichanganywe na Kigaeli cha Uskoti, ambacho ni lugha ya Kikelti.

Asili

Kiingereza cha Kale kilikuwa na neno gicel, ambalo g yake ilitamkwa kama y. Peke yake lilitosha kutaja kijiti cha barafu, lakini baadaye liliambatanishwa na is, yaani barafu. Huko Uskoti, s iliyomalizia neno la kwanza ilikutana na y iliyoanza la pili, zikayeyukiana kuwa sh. Wasemaji wakaihesabu sh hiyo kuwa mwanzo wa neno la pili, na shockle likapata kusimama lenyewe. Kiswahili nacho kililikata upya neno la Kiarabu kitāb: silabi ki ikachukuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, tukapata vitabu.

Ukoo wa gicel ni mpana. Wanorse wa kale walisema jökull kwa kijiti cha barafu. Nchini Iceland neno hilo likahamia kwenye barafuto, na ndilo linalosikika katika majina ya Vatnajökull na Eyjafjallajökull.

Matumizi

Gavin Douglas, mshairi aliyekuja kuwa askofu wa Dunkeld, alitumia umbo la kale la neno hili katika Eneados, tafsiri yake ya utenzi wa Virgil aliyoikamilisha mwaka 1513. Limo katika dibaji ya kitabu cha 7, inayosawiri majira ya baridi ya Uskoti. John Jamieson aliliingiza katika kamusi yake ya Kiskoti ya mwaka 1808.

Kiskoti kina pia tangle, neno lenye asili ya Kinorse linalotaja kwanza mwani mrefu wa baharini, kisha kijiti cha barafu, kwa kuwa vyote viwili ni virefu na huning'inia.

Kwa kuzingatia asili yake, ni makosa kuliona shockle kuwa icicle, neno la Kiingereza la kijiti cha barafu, lililoharibiwa na matamshi ya mashambani. Yote mawili yametokana na muungano uleule wa is na gicel, na kila moja limefuata kanuni za sauti za lugha yake.