Dakika ya 97, Nyamagana

Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na daftari langu lina pande mbili. Mbele ni magunia na wadeni. Nyuma ni mpira: tarehe, matokeo, mfungaji, dakika. Hiyo dakika ndiyo watu huisahau kwanza, na ndiyo ninayoing'ang'ania.

Muulize kijana yeyote hapa mwaloni kuhusu watani wa jadi kukutana Mwanza mwaka 1974. Atakwambia Yanga waliwafunga Simba 2-1. Ni kweli, lakini bado hajasimulia kitu.

Ilikuwa tarehe 10 Agosti, Uwanja wa Nyamagana, hapo hapo katikati ya mji. Adam Sabu akaifungia Simba dakika ya 16. Kuanzia hapo Simba wakaongoza kwa dakika 71, na hiyo haikuwa Simba ya kubahatisha: mwaka huohuo ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Zikiwa zimebaki dakika tatu, Gibson Sembuli akasawazisha. Mpira ukaingia muda wa nyongeza, na dakika ya 97 Sunday Manara, yule waliyembatiza Kompyuta, akapachika la pili. Kati ya bao la Sembuli na la Manara ni dakika kumi tu. Mwaka ule ubingwa ukaenda Jangwani, kwa Yanga. Manara naye, miaka michache baadaye, akavuka bahari kwenda kuichezea Heracles ya Uholanzi.

Simba walilipa deni tarehe 19 Julai 1977, Dar es Salaam, kwa mabao 6-0. Abdallah Kibadeni alifunga matatu: dakika ya 10, ya 42 na ya 89. Jumanne Masimenti akaongeza mawili, na Selemani Sanga wa Yanga akajifunga. Mimi hushangazwa zaidi na ile 89. Timu iko mbele kwa mabao matano, jua linazama, na mtu bado anatafuta bao.

Lakini hesabu inayoniuma ni ya kwetu wenyewe. Mwaka 1990 Pamba ya Mwanza, TP Lindanda, wana Kawekamo, ilikutana na Anse Boileau ya Shelisheli katika Kombe la Washindi Afrika. Mechi moja 5-0, nyingine 12-1. Jumla 17-1! Timu iliyobeba jina la zao la wakulima wa Usukuma, kutoka mji ulio mbali na makao makuu ya mpira, ikafunga mabao 17 ndani ya dakika 180, yaani bao moja kila baada ya dakika kumi na ushee. Klabu kubwa za Dar es Salaam zingekuwa na hesabu kama hiyo, ingechorwa ukutani. Hapa kwetu nimewahi kubishiwa na mtu mzima, mzaliwa wa Mwanza, kwamba 12-1 ni matokeo ya mpira wa mikono.

Mwaka huohuo Pamba walitwaa ubingwa wa Tanzania. Mwaka 2001 wakashuka daraja, wakakaa chini miaka 23, hadi 2024 walipopanda tena Ligi Kuu kwa jina la Pamba Jiji. Siku waliyopanda niliandika tarehe, nikaacha mistari kumi na saba wazi chini yake, nikaanza kuwafuata wazee wa Kawekamo mmoja mmoja, kila bao lipate jina na dakika yake.