Njia ya Kushuka Matema

Mtu akisimama ukingoni mwa milima ya Ukinga, kupita Bulongwa, siku isiyo na ukungu, huliona Ziwa Nyasa limelala chini yake mbali sana. Juu pale ni zaidi ya meta 2,000. Maji yenyewe yako kwenye meta 474 hivi. Basi magoti ya mshukaji huwa yametetemeka sana kabla ya miguu yake kukanyaga mchanga wa Matema.

Vitabu huiita safu hii Milima ya Livingstone. Jina hilo ilipewa na Elton, Mwingereza, mwaka 1877. Livingstone mwenyewe aliliona ziwa mwaka 1859 upande wa kusini, wala hakufika huku. Lakini njia zilikuwapo kabla ya wote wawili. Wakinga walikuwa wafua chuma, na majembe yao yalishuka mpaka kwa Wanyakyusa. Wakisi wa ufukoni walikuwa na ardhi haba, kwa maana huko mlima waangukia majini. Waume walivua samaki, na wake walifinyanga vyungu, vikasafiri kwa mitumbwi na vichwani, vikabadilishwa kwa chakula. Jembe la Mkinga lilishindwa na jembe la dukani. Chungu cha Ikombe bado chauzwa sokoni Matema. Walimu wenzangu, mbona shuleni habari za pwani hii twazianza kwa boma la Wadachi, si kwa jembe na chungu?

Boma hilo lilikuwapo kweli, Lumbila, kusini ya Ikombe, likiitwa Langenburg, kisha likahamishiwa Tukuyu penye baridi. Meli yao, Hermann von Wissmann, ililetwa vipande vipande kwa mito ya Zambezi na Shire, ikaelea ziwani mwaka 1893, ili kuzuia biashara ya watumwa. Tarehe 13 Agosti 1914 ilikuwa imepandishwa nchi kavu Liuli kutengenezwa, mara meli ya Waingereza, Gwendolen, ikaipiga mzinga. Nahodha Berndt hakuwa na habari ya vita. Husimuliwa kwamba alipanda mashua kwa hasira, akamwuliza Rhoades, nahodha wa Gwendolen, ambaye ni rafiki yake, kama amelewa. Akachukuliwa mateka.

Atembeaye leo toka Matema kwenda Ikombe aweza kumsikia furukombe akilia juu ya miti. Penye miamba, maji huwa maangavu, na samaki wadogo wa rangi ya buluu na manjano huonekana toka juu. Wengi wao mama hubeba mayai kinywani, na watoto wakiisha kuanguliwa huwahifadhi humo mpaka waweze kuogelea wenyewe. Tena samaki wa mwamba haendi mbali. Aina nyingine haina makao popote duniani ila sehemu moja ya ziwa hili. Kwa hiyo chandarua kikikokotwa ufukoni, hakichukui kitoweo cha siku moja tu. Huwachukua na wazazi na watoto pamoja, na mwamba ukiisha kuwa mtupu, hakuna jirani wa kuujaza.

Kupanda kurudi Bulongwa ni kazi ya kutwa nzima. Heri kuondoka alfajiri, mlima ungali na kivuli.