Risasi Moja, Namba Tatu

Aprili 13, 2017, askari polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa Mkengeni, Kibiti. Hao wanahesabika. Askari anayejigeuzia bunduki yake ni hesabu nyingine. Katika toleo la 10 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, risasi ileile yaweza kuwa X73, kajiua; W33, ajali; au Y23, nia haikujulikana. Namba hufuata maneno ya cheti, na Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Mwingereza, kifungu cha 217, bado inaita jaribio la kujiua kosa. Nani ataliandika neno hilo juu ya mwenzake wa kambini? “Alikuwa anasafisha silaha” naiona huruma kwanza, uongo baadaye. Nikipewa jedwali lenye X73 chache, naanza kusoma Y23.