Utafutaji wa makala katika hifadhidata za kitaaluma

Kutafuta makala katika hifadhidata za kitaaluma kunahitaji, kabla ya yote, kuyajua maneno waliyoyatumia waandishi. PubMed, iliyofunguliwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani mwaka 1996, haipekui makala nzima. Hulinganisha maneno ya mtafutaji na kichwa, ikisiri na istilahi zilizoambatanishwa na makala. Yasipolingana, makala haionekani. Mfano wa wazi umetoka Kampala. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, alieleza katika British Journal of Surgery uvimbe wa taya uliowapata watoto, akauita sakoma. Sasa unaitwa limfoma ya Burkitt, na mwanafunzi anayelitafuta jina hili katika vichwa vya makala ataikosa makala iliyoanzisha mjadala wote, ingawa imo humo humo.

Kwa hiyo mtafutaji makini huorodhesha kwanza majina yote ya jambo analolichunguza, ya zamani na ya sasa, pamoja na tahajia za Uingereza na za Marekani. Visawe huunganishwa kwa neno la kuunganishia OR ndani ya mabano. Mambo tofauti, kama ugonjwa na nchi, kwa AND. Wengi huvirundika visawe kwa AND, kisha hushangaa matokeo yakipungua kila wanapoongeza neno. NOT ni ya hatari: ukiwaondoa watu wazima, unapoteza pia makala zinazowalinganisha na watoto. Istilahi zinazoambatanishwa na makala, ziitwazo MeSH na zilizoanza mwaka 1960, hukusanya visawe chini ya jina moja, lakini si kila makala ya PubMed imepewa istilahi hizo, hivyo maneno ya kawaida hayaachwi. Kuna pia njia ya marejeo, iliyofunguliwa na faharasa ya Eugene Garfield mwaka 1964: anayeangalia ni nani walioitaja makala ya Burkitt hazuiwi na mabadiliko ya jina.

Wapo wanaosema Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, imeondoa taabu hii. Faida yake ni ya kweli, kwani hupekua hata matini kamili. Lakini haionyeshi zaidi ya matokeo 1,000 kwa utafutaji mmoja, na kanuni ya kuyapanga haiko wazi, kwa hiyo mtafiti mwingine hawezi kuurudia utafutaji huo na kuuhakiki. Mapitio ya kimfumo hayawezi kuutegemea peke yake. Pingamizi zito zaidi ni kwamba majarida mengi ya Afrika hayamo katika hifadhidata kubwa. Ni kweli, na hakuna ustadi wa maneno utakaoifichua makala isiyoingizwa. Mtafiti wa Mwanza au Kisumu anayeichunguza limfoma hiyo hana budi kupekua pia African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998, akiwa na orodha yake ile ile ya majina.