Faili Moja, Madaktari Wengi
Juzi nilimsindikiza mama kwenye kliniki moja hapa mjini. Madaktari watatu, vyumba vitatu, na kila mmoja akamwuliza upya anatumia dawa gani. Wa tatu nusura amwandikie dawa ileile ya daktari wa kwanza. Nikajiuliza: hivi hawa wanafanya kazi pamoja, au wamepanga jengo moja tu?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1883 kimbunga kiliubomoa mji wa Rochester, Minnesota, Marekani. Masista Wafransisko wakajenga hospitali, ikafunguliwa 1889, na Dk. William Worrall Mayo na wanawe wawili wakatibu humo. Baadaye wakaongeza wenzao. Mmoja, Henry Plummer, alijiunga 1901. Mwaka 1907 akaanzisha utaratibu wa faili moja kwa kila mgonjwa, linalosomwa na madaktari wote. Hiyo ndiyo Mayo Clinic.

Kwetu Tanzania, sheria ya 1977 ilizuia tiba binafsi ya biashara, ikalegezwa 1991. Kliniki zikachipua, ila si zote zilizolichukua wazo la faili.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukitafuta kliniki ya karibu, usihesabu vibao vya madaktari mlangoni. Uliza mapokezi: faili langu watalisoma wote?

Mama tumemhamisha. Wewe umeshauliza?